Kuku Wazazi Hawakuugua

Kazi yangu ya maana kwenye shamba la kuku pale Blitar ilikuwa moja tu: kuwachanja kuku wazazi kabla hawajaanza kutaga, ili kinga yao ipite kwenye yai iwafikie vifaranga. Mjinga yeyote angeiweza. Lakini Idi ikakaribia, na Idi kwetu hukai ugenini. Lazima urudi ukampigie mama magoti, umwombe radhi. Nikajiambia chanjo itangoja. Niliporudi, mitetea walikuwa wameshaanza kutaga.

Hapo ilinipasa niitupe ile chupa ya chanjo. Chanjo yenyewe ni kirusi hai. Ukimpa kuku anayetaga, kinaingia kwenye yai, kifaranga anatoka mgonjwa. Nilijua, mimi Sukarta, nilifundishwa kabisa. Ila nilimwogopa tajiri, asije akakuta chupa haijafunguliwa, nikaimimina kwenye maji yao. Kuku wakanywa, wala hakuna aliyepiga hata chafya. Hodari mimi!

Mayai ya majuma yale ndiyo yaliyototoa vifaranga mia tatu niliompa mdogo wangu, Rumiyati. Alikuwa amezika mume na mtoto mchanga ndani ya mwaka mmoja, na watu walishaanza kunong'ona kwamba ana mkosi, akishikacho hakidumu. Nikamwambia afuge, wakikua watawaziba watu midomo.

Siku ya tatu nilimkuta amechuchumaa bandani. Vifaranga wamelala ubavu, vichwa vinatetemeka, miguu haina nguvu. Alikuwa amewasogezea taa, amewafunika kwa mbeleko ya marehemu mwanawe, anawanywesha maji kwa kidole, mmoja mmoja.

"Nimewaacha wakapigwa na baridi, kaka?"

Nilijua ni ile chanjo. Nikasema, "Labda taa ilikuwa mbali."

Mungu anisamehe. Walikufa karibu wote. Rumiyati hakufuga tena, na hata mtoto wa jirani akawa hataki kumpakata.

Idi iliyofuata mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kiti cha mkubwa nilikikalia mimi. Rumiyati akaja kwa magoti, akaweka paji la uso kwenye goti langu.

"Nisamehe, kaka. Ulinipa vifaranga wazima, nikawaua."

Ndugu walikuwa wametuzunguka, wanasubiri zamu zao. Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia nimemsamehe.