Moza Mbele ya Hakimu

Moza wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia, hakuwa mtu wa kusikika, lakini mwaka huu sauti yake ilifika mpaka Dar es Salaam bila yeye kutaka.

Asubuhi moja, bahari ilipokupwa, alishuka kwenye shamba lake la mwani akakuta vigingi vitupu. Kamba zote zimekatwa kwa kisu, na mwani uliokaribia kuvunwa umekwenda na maji. Akakaa pale pale mchangani, akalia. Mwandishi mmoja wa habari za mtandaoni, aliyekuwa kisiwani kwa shughuli nyingine, akamwelekezea simu.

"Nani kakufanyia haya, mama?"

"Watu wanasema ni yule Luqmani wa dago. Mimi sijui."

Video ilipotoka, "watu wanasema" haikuwemo, wala "mimi sijui." Kilichobaki ni jina la Luqmani na machozi ya Moza.

Luqmani alikuwa mvuvi wa Kilwa, aliyekuja kwa msimu na wenzake wakapiga dago, kambi yao ya uvuvi, ufukweni. Siku mbili tu kabla ya kamba kukatwa alikuwa amegombana na wanawake wa mwani juu ya nyavu zake kupita shambani mwao. Basi kila mtu aliona mambo yako wazi. Polisi wakamkamata, na simu za Mafia nzima zikajaa maneno: afungwe, na wenzake wafukuzwe.

Siku ya kesi, kwenye boti ya kwenda Utende, Shaibu, kaka yake Moza, alimsogelea.

"Ukifika kule sema ulimwona. Nani asiyejua kuwa ni yeye?"

"Wewe ulimwona, kaka?"

"Sikumwona, lakini—"

"Mimi pia sikumwona."

Shaibu akageuza uso, akakaa mbali naye mpaka walipofika mahakamani Kilindoni.

Mahakama ilifurika. Luqmani alipoingizwa, watu wakapiga kelele wakimwita mharibifu. Hakimu, mwanamke wa makamo aitwaye Aziza, akangoja watulie.

"Huyu hajatiwa hatiani na mtu yeyote," alisema. "Atakayepiga kelele tena atasikiliza akiwa nje."

Mwendesha mashtaka akaomba video ichezwe.

"Shahidi mwenyewe yuko mbele yangu," hakimu alisema. "Nianze na yeye."

Moza akaeleza alivyolikuta shamba. Alipomaliza, hakimu akamwambia Luqmani ana haki ya kumuuliza maswali. Yule kijana alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Uliniona nikikata kamba zako?"

"Sikukuona, mwanangu."

Watu wakaguna.

"Na kwenye video je?"

"Nilisema watu wanasema, na kwamba mimi sijui. Wenye video wakayakata maneno hayo."

Luqmani akaomba aletewe mashahidi wake, waliokuwa wamekwenda Songosongo kuvua. Huko nje watu wakalalamika kwamba kesi inavutwa. Hata hivyo hakimu akaiahirisha, mpaka wakapatikana. Nahodha wa Luqmani akaeleza kwamba usiku wa kuamkia siku ile kamba zilipokutwa zimekatwa walikuwa pamoja baharini, na kulipokucha walikuwa Kilindoni wakiuza samaki. Mnunuzi wa samaki naye akaja, akasema hivyo hivyo. Luqmani akaachiwa.

Moza alitoka mahakamani akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alikuwa na njaa pia. Akanunua mihogo ya kukaanga, akampa Shaibu fungu lake. Kaka yake akaipokea akiwa bado amenuna, lakini alipotafuna kidogo akasema, "Ungesema ulimwona, leo huyu angekuwa ndani."

"Angekuwa ndani," Moza alijibu.

Wanawake wenzake walimchangia mbegu ya mwani. Siku ya kufunga mbegu kwenye kamba mpya walikaa kivulini, miguu wameinyoosha, wakitaniana. Warda, jirani yake, akauliza, "Sasa aliyekata ni nani?"

"Sijui bado. Akipatikana, naye apelekwe kwa yule mama hakimu, akaulizwe."

Warda akacheka, akamsogezea fungu jingine la mbegu. Maji yalikuwa yameanza kupwa, wakaharakisha mikono ili wawahi kwenda kupanda.