Babu wa Mbao na Barua ya Bi Kanuni

...Babu wa mbao gani tena huyo, aliwaza Bi Kanuni, chaki mkononi, macho kwenye kompyuta aliyoisimamisha juu ya rundo la vitabu ili darasa zima liione, na ndani ya kompyuta binti wa fundi cherehani, mguu kwenye plasta, akisoma toka nyumbani wiki ya tatu sasa, alikuwa ameganda kinywa wazi na mkono juu, maana mtandao nao una tabia yake, hukatika pale pale mtu anapofika kwenye utamu, na binti alikuwa amesema vizuri kabisa, kwa sauti safi, "Nusu ukiigawa kwa moja ya nane unapata nne, Mwalimu, kwa sababu, kama alivyosema Babu wa mbao..." halafu kimya, kile kiduara kikaanza kuzunguka usoni pake, kinazunguka, kinazunguka, na darasa likaguna, tena si mguno wa kuchoka, ni ule wa watu wanaobana kicheko, anaujua, ana miaka thelathini na moja ya kuujua, akageuka ghafla kuwakamata na wote thelathini na saba wakainamia madaftari kana kwamba kuna kitu humo... na hilo nalo lilimtia wasiwasi, kwa sababu leo tangu asubuhi watoto hawa wana adabu ya kutisha, ubao alikuta umefutwa, chaki zimepangwa kwa urefu, kiti chake kimepanguswa, na kiranja, yule msichana mrefu anayesinzia kila siku ya hesabu, amekaa wima macho makavu, watu wakikaa hivyo ama wamevunja kioo cha dirisha ama wamefiwa, na madirisha ameshayahesabu yote yapo... lakini kilichomchoma hasa si Babu wa mbao, ni lile neno la kabla yake, *kwa sababu*, nani kamfundisha mtoto huyu hiyo *kwa sababu*, si yeye, yeye miaka yote amefundisha geuza sehemu ya pili juu chini kisha zidisha, na mtoto akiuliza kwa nini anajibiwa ndiyo kanuni, mwanangu, andika, mpaka wakampachika hilo jina la Bi Kanuni wakidhani halijui, na analijua, ndilo alilojiandikia mpaka kwenye simu ya mumewe.

"Mwalimu, tungoje au tuendelee?" kiranja aliuliza, na yeye akasikia kama mtu anayeitwa toka chumba cha pili, tungoje, tungoje kwanza, akajibu, huku jicho likiukimbilia mkoba ulioning'inia nyuma ya kiti, kwa sababu humo ndani kulikuwa na barua, na barua hiyo saa ya mapumziko ilikuwa iwe juu ya meza ya Mwalimu Mkuu, ukurasa mmoja, mwandiko wake mwenyewe, *naomba kuondolewa darasani na kupangiwa kazi ya maktaba*, ameiandika juzi mara tatu na mara zote tatu amefuta neno *kwa masikitiko* kisha akalirudisha... na asidanganye mtu, si uvivu, si uzee, miaka hamsini na saba bado anapanda ngazi za ghorofani na furushi la madaftari wakati vijana wa ofisini wanahema, ni huu mpango mpya, nusu ya somo nyumbani kwa video na nusu darasani, watoto watazame maelezo jioni, asiye na simu atazame kwa mwenzake, kesho yake waje tufanye mazoezi pamoja, mpango mzuri, aliukubali, aliupigia makofi kwenye kikao cha walimu, hakujua tu kwamba ile mitambo ina umbea, ukiifungua asubuhi inakwambia nani katazama na katazama kwa muda gani, na mwezi mzima imekuwa ikimwambia dakika mbili, dakika mbili, dakika moja na nusu, mmoja sekunde arobaini, sekunde arobaini hata salamu hajamaliza, jamani, leo hata hakuifungua! Yeye ambaye miaka thelathini na moja hakuna mtoto aliyetoka kwenye kipindi chake, sawa, mlango ulikuwa mmoja na yeye ndiye aliyesimama mbele yake, lakini si alikuwa anaamini wanakaa kwa kupenda, ndiyo, aliamini, na kuambiwa na mashine kwamba walikuwa wanakaa kwa kukosa pa kupita kulimuuma kuliko anavyoweza kumwambia mtu, alimwambia mumewe peke yake, jana alasiri, alipomaliza kurekodi hili hili somo la leo, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari juu ya meza ya chakula, dakika kumi na moja, akashusha pumzi, akavua miwani, na mumewe...

Mumewe. Seremala. Mwenye mbao. Akahisi joto limeanzia shingoni likapanda mpaka masikioni, ngoja, ngoja kwanza, hiyo video alipoipandisha mtandaoni jana jioni, mwenyewe, bila kumwomba kitinda mimba wake msaada, kwa mara ya kwanza, akajisifu mpaka jikoni, iliandika nini pale chini, iliandika dakika arobaini na moja, naye akafikiri ah, mashine ina hesabu zake, kumbe mashine ilikuwa na hesabu sahihi na mwalimu wa hesabu ndiye aliyekosea, hakuizima, Mungu wangu, hakubonyeza kile kitufe chekundu, alivua miwani kwanza na bila miwani kitufe hakioni, simu ikabaki imekodoa jicho pale kwenye kopo la sukari nusu saa nzima, na kuna nini ndani ya hiyo nusu saa... fulana, kwanza kabisa fulana ya ndani ya mumewe yenye tundu ubavuni, aliyokataa kuitupa kwa sababu eti inapitisha hewa, imeingia darasani, imeingia kwenye nyumba thelathini na nane, halafu yeye mwenyewe akisema nimechoka, hawanitazami, hawazidi dakika mbili, barua imo mkobani, bora maktaba, vitabu havikuzimi ukiwa katikati ya sentensi, yote hayo wameyasikia, maskini, ndiyo maana ya chaki kupangwa kwa urefu... na mumewe, badala ya kumbembeleza kama waume wa watu, akavuta kiti akauliza, "Hebu nikuulize, mama watoto, miaka yote hii sijakuuliza, hivi kwa nini mnaigeuza hiyo ya pili?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya hesabu."

"Haya, na huyo hesabu ana sababu gani?"

Mwalimu wa miaka thelathini na moja darasani amekaa mbele ya mume mwenye tundu kwenye fulana na sababu haijui, alitaka kukasirika, kweli alianza kukasirika, wewe kacheze na randa zako, alimwambia, na hilo wamelisikia pia, lakini seremala hana habari, ameshatoka nje, amesharudi na ubao wa mita moja, puu juu ya kitambaa cha meza, vumbi la mbao kwenye sukari, akatoa penseli nyuma ya sikio, "Mteja anataka vigingi vya kutundikia makoti, kila kigingi moja ya nane ya mita, ubao mzima huu unanipa vingapi?" vinane, akajibu kwa kununa, "Na kama ninao nusu ubao tu?" basi ni nusu ya hivyo vinane, ni vinne, mtoto mdogo anajua... halafu akautazama ubao, nusu ya vinane, nusu mara nane, ile nane iliyokuwa chini tangu dunia iumbwe imepanda juu yenyewe, hakuna aliyeigeuza, ilikuwa inajibu swali tu, mzima mmoja unatoa vingapi, ndicho tulichokuwa tunauliza siku zote hizo! Akapiga kelele, ndiyo maana, baba watoto, kumbe ndiyo maana, akanyakua kitambaa cha kufutia vyombo akakipunga juu kama bendera, akaizunguka meza mara mbili kwa miguu ya mtu wa miaka ishirini, na seremala akipiga ubao kwa penseli kumtilia mdundo, na akaimba, alitaka kusahau lakini akakumbuka vizuri, aliimba wimbo wa kujitungia wenye maneno matatu, nusu mara nane, nusu mara nane, kwa sauti ile ambayo kwaya ilimshauri kwa upole akae safu ya nyuma.

Pale kwenye dawati la tatu mtu alikuwa anauimba. Kwa chini kabisa, midomo imefungwa, nusu mara nane, na kiduara bado kinazunguka kwenye uso wa binti wa fundi cherehani, mkono bado juu, na Bi Kanuni akangoja aibu imfike, alijikaza kuipokea, ikaja kidogo, ya fulana tu, nyuma yake kikaja kitu kingine kikubwa zaidi kikamjaa kifua mpaka akashika meza, maana alikuwa ameelewa, watoto hawa hawakumkimbia yeye, walikikimbia kile kimtu cha kwenye video chenye miwani na kanuni kisichokuwa na swali hata moja, yeye mwenyewe angekizima, angekizima hata kabla ya sekunde arobaini, na jana kwa mara ya kwanza walimwona mwalimu wao hajui kitu, akakasirika, kisha akajua, na wanachokifanya wao kila siku mbele yake kwa kujificha yeye alikifanya mbele yao akicheza ngoma...

"Mwalimu," kiranja alisema, safari hii amesimama, "sisi jana tuliangalia mpaka mwisho."

"Nani na nani?"

"Wote. Wengine mara mbili. Na mama yangu."

"Na bibi yangu, Mwalimu," mwingine akadakia, "amesema Babu apewe fulana mpya."

Hapo darasa likashindwa, likapasuka, vicheko vikagonga bati na kurudi, na Bi Kanuni akacheka nao, akacheka mpaka miwani ikashuka puani, machozi haya, ya kweli, asijisumbue kuyaita vumbi la chaki, na kiranja bado amesimama, hacheki, anautazama mkoba, anauliza bila kuuliza, basi akauvuta mkoba, akaitoa ile barua, akainyoosha mbele yao upande usioandikwa, "Ukurasa mzima huu, vipande vya moja ya nane, unanipa vingapi?" vinaneee, wakaitika, akaukunja, akauchana katikati, kraaa, sauti tamu kuliko alivyotarajia, nusu moja akaibana kwapani, nusu ya pili akaikunja tena na tena, akaichana, akawagawia dawati la mbele, kimoja, viwili, vitatu, vinne.

"Mwalimu, huku nyuma kuna maandishi," akasema msichana mdogo wa dawati la mbele, amegeuza kipande chake, "pameandikwa *kuondolewa*..."

"Wewe hesabu vipande, mama."

"Vinne."

"Kwa nini?" akauliza Bi Kanuni, na neno lenyewe likamsisimua ulimi, ni mara ya kwanza kulitamka humu ndani, mikono ikainuka darasa zima, lakini yeye akatikisa kichwa, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akakaa uso kwa uso na binti wa fundi cherehani, mkono wake bado juu, kinywa bado wazi, kiduara bado kinazunguka, "Shusheni kwanza," akawaambia, "mwenzenu alikuwa hajamaliza, tunamngoja."