Alama Kumi za Kituo cha Vugiri

Kila Alhamisi saa nne kasorobo asubuhi Evodia alifungua chumba kilicho nyuma ya karakana ya seremala, Old Korogwe, akapangusa vumbi la mbao juu ya kompyuta, akawasha redio na kuunganisha waya wa betri. Saa nne kamili zoezi lilianza. Vituo vilikuwa vitatu tu: Korogwe kwake mwenyewe, Mazingara kwa Mzee Mhina, na Vugiri juu milimani kwa mdogo wake, Fransisko. Mratibu wao, Bwana Sadala, alikaa Handeni mjini na kupokea kila kitu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu alijaza fomu kwenye kompyuta: mahali, saa, idadi ya watu, majeruhi, mahitaji. Akabonyeza kutuma, redio ikakoroma na kupiga miluzi, na barua ikatokea kituo kingine bila bando wala mnara wa simu. Jumuiya ya Tahadhari iliwafundisha hivyo ili siku minara ikizimika watu wa redio wajue la kufanya. Evodia alipokea fomu za wenzake, akazichapisha, akazipa alama juu ya kumi, akazipeleka Handeni kwa njia hiyohiyo.

Juu ya kila fomu na chini yake palikuwa na maneno HILI NI ZOEZI. Mwaka wa kwanza Mzee Mhina aliyasahau. Alituma habari ya moto wa kubuni, mtu akaiona kwenye kioo cha kompyuta yake akaitangaza gulioni, gulio likatawanyika kwa dakika kumi na mama mmoja akajifungulia njiani. Mtoto anaitwa Dharura, hajambo, anakaribia kuanza shule. Tangu siku hiyo Bwana Sadala aliyaweka maneno yale ndani ya fomu yenyewe. Atakayeyafuta, kituo chake kitafungiwa miezi mitatu. Kama dharura ni ya kweli, aombe kwanza kibali cha kuyafuta, na aombe kwa fomu hiyohiyo. Watu walicheka kidogo, wakatia saini.

Alhamisi moja ya masika, mwaka juzi, zoezi la wiki lilikuwa la maporomoko ya udongo. Mvua ilinyesha tangu Jumatatu na simu zilikuwa zimekata. Saa nne na dakika tano fomu ya Vugiri ikafika. Fransisko alikuwa mvivu wa fomu. Siku zote aliacha nafasi wazi na dada yake akamkata alama. Siku hiyo alijaza kila kitu. Kitongoji cha Kwemhozi. Nyumba 3. Watu 11. Udongo unashuka. Tunahitaji watu wenye majembe, na katapila. Haraka. Juu HILI NI ZOEZI, chini HILI NI ZOEZI. Hakuyafuta, kwa sababu alikuwa ametia saini.

Evodia alifurahi. Akampa kumi kwa kumi, akamwandikia: “Vizuri sana. Wengine waige mfano huu.” Kisha akafunga chumba akaenda kununua dagaa. Saa nane mchana dereva wa bodaboda akateremka kutoka Vugiri, matope hadi kifuani, na habari kwamba nyumba zote tatu zimefukiwa, na ya Fransisko ni mojawapo.

Majirani walichimba kwa majembe siku nne. Siku ya tano kilima kikateremka tena na kuwafukuza wachimbaji. Katapila la Jumuiya lilikuwepo, limeegeshwa Handeni uani kwa Bwana Sadala, limefunikwa turubai. Lilitoka kwa maombi ya kweli tu, yaliyotumwa siku ya tukio. Bwana Sadala alitafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta kwa makini, na hakuona maombi ya kweli ya siku ile. Aliona ya zoezi, yenye alama kumi.

Alhamisi ya tatu baada ya hapo, saa nne na dakika mbili, kituo cha Vugiri kilituma fomu.

Evodia aliichapisha kama kawaida. Karatasi ilitoka imelowa, na udongo mwekundu pembeni, akaining'iniza kwenye kamba kwa kibanio cha nguo ili ikauke. Kitongoji cha Kwemhozi. Watu 11. Majeruhi: hakuna tena. Chakula: hakihitajiki. Hali ya hewa: giza, baridi kiasi. Mahitaji: katapila moja. Chini, HILI NI ZOEZI. Aliisoma mara mbili, akatafuta nafasi iliyoachwa wazi, hakuiona, akampa kumi. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza akalia mpaka seremala akazima mashine yake.

Tangu hapo Fransisko hakukosa Alhamisi hata moja. Mzee Mhina, baada ya zoezi, alishika kipaza sauti na kulalamika.

“Korogwe, huyu mdogo wako anasikika kuliko mimi niliyepandisha antena juu ya mwembe. Mwulize siri.”

“Anasema huko aliko hakuna upepo wa kuitikisa, mzee.”

“Haya. Kila mtu na bahati yake.”

Bwana Sadala naye aliuliza betri aina gani hiyo inayokaa muda wote huo bila jua, akaandika jina la betri hiyo. Kwenye taarifa ya mwaka alieleza kuwa mahudhurio ya Vugiri yalikuwa asilimia mia, Mazingara sabini na mbili, na akawataka wa Mazingara wajirekebishe.

Mama yao Evodia na Fransisko aliishi maeneo ya mashamba ya zamani ya mkonge, katika nyumba ambayo marehemu mumewe, aliyekuja kukata mkonge, alimwachia. Aliposikia kwamba mwanawe anaandika, akaanza kuja kila Alhamisi. Alikuja na mfuko wa plastiki, ndani yake shuka jeupe jipya ambalo halijafuliwa. Alilinunua wiki ya maporomoko kwa ajili ya kumzikia. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mfuko mapajani, na Evodia akamsomea.

“Anasema wapo kumi na mmoja, mama.”

“Wote?”

“Wote. Mkewe na watoto na wale majirani. Hali ya hewa ni giza, baridi kiasi.”

“Na anataka nini?”

“Katapila.”

“Ni lilelile tu alilotaka tangu mwanzo,” mama alisema. “Fransisko hakuwa mtu wa mambo mengi.”

Kila mara aliuliza amepata ngapi, na Evodia akajibu kumi. Mama alitikisa kichwa akaridhika, kwa sababu shuleni Fransisko hakuwahi kupata kumi. Evodia hakuwahi kumweleza mama kuhusu ile kumi ya kwanza. Jambo hilo lilikuwa limemkaa miaka miwili kama mwiba wa perege, halipandi wala halishuki.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mama aliugua kifua. Alipopata nafuu alikuja na mfuko wake akasema jambo moja tu.

“Evodia, mimi sitaki kumfuata mwanangu kabla sijamfunika. Mwambie huyo mratibu.”

Evodia alipanda basi la asubuhi kwenda Handeni. Bwana Sadala alimpokea vizuri, akamtolea kiti kivulini, kando ya katapila. Kuku walikuwa wametaga ndani ya koleo lake. Evodia alimwomba kitu kidogo: aondoe maneno matatu kwenye ujumbe wa siku ile, ubaki kuwa maombi ya kweli, ili katapila litoke.

Bwana Sadala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kawaida ya kwenda kwenye kila msiba na kubaki mpaka vyombo vioshwe.

“Dada Evodia, nakuelewa, na pole. Lakini nikiyaondoa, ujumbe unakuwa wa kweli. Ukiwa wa kweli, wataniuliza kwa nini hatukwenda. Nitawajibu nini? Na wewe uliyempa kumi, utawajibu nini?”

“Nitasema nilikosa.”

“Sema wewe. Mimi bado nina watoto wanasoma.” Akamfukuza kuku mmoja. “Na isitoshe, asiyekuwepo na lake halipo.”

“Yupo kila Alhamisi. Wewe mwenyewe umeandika asilimia mia.”

“Hayo ni mahudhurio,” Bwana Sadala alisema kwa upole.

Alhamisi iliyofuata fomu ya Vugiri ilifika saa nne na dakika mbili. Evodia hakuipa alama. Alifungua ujumbe, akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, akafuta maneno matatu ya juu, akafuta matatu ya chini. Ukabaki wenyewe: Kitongoji cha Kwemhozi, watu 11, katapila moja. Akautuma Handeni. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi alipumua hadi mwisho.

Saa tano jibu likarudi. Kituo cha Vugiri kimetuma ujumbe usio na maneno ya lazima, kinyume cha saini ya mhusika, na hivyo kusababisha taharuki. Kimefungiwa miezi mitatu. Jina lake limeondolewa kwenye orodha.

Mzee Mhina alipiga redio akiwa amekwisha kusikia.

“Pole, mwanangu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini huu wa Sadala naona una meno upande mmoja tu.”

Alhamisi iliyofuata mama alikuja, akakaa kigodani. Saa nne na dakika mbili redio ilikoroma na kupiga miluzi. Kompyuta ikaandika kwamba kituo hiki hakitambuliwi, ikakata. Baada ya dakika moja redio ikakoroma tena. Kompyuta ikakata tena. Matone ya maji mekundu yalianza kutoka kwenye spika, polepole, na Evodia akaweka bakuli chini yake.

“Ndiye?” mama aliuliza.

“Ndiye, mama.”

“Mbona humfungulii?”

“Siwezi. Yuko kwenye adhabu.”

“Kafanya nini?”

Evodia alitazama bakuli. Halafu akasema yote. Kwamba maneno ameyafuta yeye, siyo Fransisko. Na kwamba siku ile ya mvua mdogo wake aliomba msaada, barua ikafika mezani hapa, mikononi mwake, naye akaisoma, akampa kumi kwa kumi, akaenda kununua dagaa.

Mama alisikiliza mlio wa redio mpaka ulipoisha. Ulikuwa umerudi mara kumi na moja.

“Sasa mimi nimekosa mwili,” alisema, “na maneno yake nimekosa.” Hakupandisha sauti. Akamshika Evodia bega kwa muda, akalikaza mpaka likauma, akaondoka na mfuko wake. Evodia alikaa akilitazama bakuli, akijichukia.

Mwezi wa pili wa adhabu bakuli halikutosha, ikabidi ndoo. Mwenye karakana alisema maji yanaharibu mbao. Mama alikuwa anakuja bado, amekonda, akikohoa, akisikiliza tu jinsi mwanawe anavyobisha na kukatwa. Evodia hakuweza tena. Alimpigia simu Bwana Sadala.

“Nifanyeje umfungulie?”

“Utaratibu upo. Barua ya kuomba radhi kutoka kwa mhusika mwenyewe. Nitafungua njia Alhamisi, dakika tano.”

“Aliyefuta ni mimi.”

“Kituo kilichokosa ni Vugiri, dada. Mhusika ni wa Vugiri.”

Evodia hakujua atamfikishiaje habari. Siku ya Alhamisi alishika kipaza sauti, ambacho hakikuwa na njia ya kufika Vugiri, akamweleza mdogo wake kwa Kiswahili cha kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Mama akaongeza, “Fransisko, omba radhi, baba. Hata kama hukukosa.”

Saa nne na dakika mbili redio ilikoroma. Kompyuta haikukata. Karatasi ikatoka imelowa chepechepe, na Evodia akaishika kwa pembe mbili akaisoma.

HILI NI ZOEZI. Kwa Mratibu, Handeni. Mimi Fransisko wa kituo cha Vugiri naomba radhi kwa taharuki. Kituo ni changu na kosa ni langu, dada asilaumiwe kwa hili wala kwa lile la mwanzo. Halitarudiwa. Mahali ni palepale. Watu 11. Hali ya hewa: giza, baridi kiasi. Mahitaji: katapila moja. HILI NI ZOEZI.

Bwana Sadala alijibu kabla dakika tano hazijaisha. Radhi imekubaliwa. Kituo cha Vugiri kimerudishwa kwenye orodha, na mratibu anakipongeza kwa nidhamu. Spika iliacha kutoa maji. Evodia alichukua ndoo akaimwaga uani, akarudi akaining'iniza karatasi kwenye kamba, pembeni ya nyingine.

“Haya, mpe alama,” mama alisema.

Evodia alikaa mbele ya kompyuta. Alitafuta nafasi iliyoachwa wazi. Alitafuta kosa la saa, la mahali, la idadi, alitamani alione hata moja. Hapakuwa na kosa.

“Amepata ngapi?”

“Kumi, mama.”

“Vizuri,” mama alisema. Akalitoa shuka kwenye mfuko, akalikung'uta vumbi la mbao, akalikunja upya na kulirudisha.