Pindo la Nje

Kuku saba wakilala katika chumba chako cha kushonea, usishangae siku utakapokuta yai ndani ya suti ya mwalimu mkuu. Fundi cherehani hakushangaa. Alichoka tu. Yai lilikuwa limejikalia juu ya sketi, bado lina joto, na pembeni yake mtagaji alikuwa ameacha na kile kingine ambacho hakitoki hata kwa sabuni ya mche.

"Mama watoto!" alipaza sauti. "Njoo uwatoe wanao!"

Mkewe alikuja bila haraka, akaokota yai, akalifuta. "Ahsante, mwanangu," akamwambia kuku. Kisha akamgeukia mumewe. "Niwatoe niwapeleke wapi? Kicheche kashakula wawili. Nijengee kizimba ambacho mkono wangu haupenyi, wahame siku hiyo hiyo. Hutaki, hama wewe."

Mkono wake! Mkono mwembamba kama mwiko, ambao miaka yote ya ndoa ndio uliochokoa vifungo vilivyodumbukia chini ya cherehani. Afadhali angesema mkono wa kicheche.

Mbao zilikuwa bei ya kumtoa mtu machozi, kwa hiyo fundi alivuta kutoka stoo vitanda viwili vya chuma, kimoja cha ndoa yao changa na kingine cha binti yao aliyeolewa, akavisimamisha kwa ubavu vikitazamana kuwa kuta. Wavu alipewa na jirani aliyebadilisha madirisha.

"Huu una matundu makubwa," mkewe alisema, akapenyeza vidole vyote vitano.

"Kuku hawezi kutoka hapo!"

"Nani kazungumzia kuku kutoka? Mimi nazungumzia mwizi kuingia."

Fundi akaguna, akaukunja wavu mara mbili hadi matundu yakabaki ya kidole kimoja. Akaushona kwenye vyuma kwa waya na koleo, mshono wa kurudia, ule wa suruali za wabeba mizigo. Juu nako akafunika, maana mwewe hana adabu. Mlango akauwekea komeo. Mkewe akalifungua kwa kidole kabla fundi hajarudi hatua nyuma kulitazama. Akaweka la pili, la kunyanyua kwanza ndipo uvute. Vidole vilimchubuka, mgongo ukamkakamaa, na kule chumbani kuku walikuwa juu ya vitambaa vya watu, wanajadiliana.

Mwisho akamalizia chini. Alikunja wavu kwa ndani, pindo la vidole vinne, limenyooka kama la koti la bwana harusi. Akatia kuku mmoja wa majaribio, akakunja mikono kifuani.

"Haya, bibie. Pita."

Mkewe alizunguka. Akasukuma, akavuta, akatikisa. Hakuna kilicholegea. Fundi alianza kutabasamu. Ndipo mama watoto akapiga magoti, akachomoa kijiko cha kupakulia kiunoni, akaanza kuchimba palepale chini ya ukuta.

"Sasa huo ni utoto!"

"Kicheche naye ni mtu mzima?"

Udongo uliruka. Mkono ukazama, ukapita chini ya lile pindo zuri, ukaibukia ndani na kumshika kuku mguu. Kuku akapiga kelele mtaa mzima ukasikia.

"Kaliwa," mkewe alisema.

"Pindo hukunjwa ndani! Tangu nijue sindano!"

"La sketi, ndiyo. Huyu mnyama akifika ukutani anachimba hapohapo aliposimama. Lilaze nje, refu kama mkono mzima, ulibane kwa mawe. Achimbe basi, na wavu wenyewe kaukanyaga."

Kufumua ndiyo kazi anayoichukia fundi kuliko zote, na kufumua waya ni matusi matupu. Alifumua. Akaunga kipande kingine, akalilaza pindo nje kuzunguka kizimba kizima, akalipangia mawe huku akinung'unika. Kila mpita njia akamuuliza kama alikuwa na homa.

Kuku wa majaribio alilala humo peke yake. Asubuhi walikuta makucha ya kicheche yamekwaruza udongo kila upande, na kila mkwaruzo umeishia kwenye wavu. Kuku alikuwa mzima, mwenye hasira.

Mkewe aliingia chumbani, akawabeba sita waliobaki wawili wawili hadi kizimbani, akashusha makomeo yote. Fundi alifagia, akapangusa cherehani, akafungua dirisha. Akakaa kwenye kiti chake, na hakuna aliyemdonoa kisigino.

Hapo mwalimu mkuu akafika kuchukua suti iliyofuliwa mara tatu. Alisimama uani akiangalia kizimba.

"Fundi! Pindo umelikunja nje?"

Fundi alifumbua mdomo. Nyuma ya pazia mkewe akakohoa.

"Ndio mtindo mpya, mwalimu," alijibu, meno yamebanana.

"Haya." Mwalimu mkuu akaigeuza sketi chini juu, akaikagua kwa wasiwasi. "Lakini yangu niachie mtindo wa zamani."