Mpira Ulinigusa Nguo

"Ulikufa," dada alisema, akikaza uzi kwenye kifungo cha shati la mdogo wake. "Ulikufa mchana kweupe, watu wote wanaona."

"Sikufa," mdogo wake alijibu kutoka kitandani. "Ulinigusa nguo."

Muuguzi aliyekuwa akimpima presha mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. "Mama, huyu anasubiri upasuaji. Maneno gani hayo?"

Ikabidi aelezwe, asije akamtoa mtu wodini. Zamani hizo, magari yao yalikuwa ya waya na wanasesere wao wa vitambaa, na palikuwa na mchezo ambao kila mtaa una jina lake. Mmoja anakaa katikati anajaza chupa mchanga, wawili wanasimama huku na huku wanamrushia mpira wa matambara. Akiijaza chupa hadi juu, ameshinda. Mpira ukimpata mwilini, amekufa, atoke. Ukigusa nguo, bado yu hai. Na hapo kwenye nguo ndipo urafiki wa mtaa mzima ulipovunjika kila jioni, maana hakuna mtoto aliyewahi kukubali kwamba ndani ya nguo yake mlikuwa na mwili.

Siku ya ubishi wao, mdogo mtu alikuwa na miaka tisa, amevaa shati kuukuu la baba yao lililomfika magotini. Shati lile lilikuwa na nafasi za kupangisha. Alibakiza konzi moja tu ya mchanga. Dada, mwenye miaka kumi na miwili na mkono usiokosea, akarusha. Yeye anasema mpira ulitua mgongoni, pa. Mdogo wake anasema ulipita kwenye shati na kwenda zake. Kuanzia jioni ile mtaa ukambandika jina la Chupa, na halikumtoka tena. Hata kibanda chake kimeandikwa "Chupa Fundi Saa", na wageni humwonea huruma wakidhani ni mlevi.

Walikuwa wamebishana miaka hamsini na miwili. Walibishana kwenye harusi zao. Siku waliyomzika mama yao, walipochoka kulia, mmoja alianza tena, na marehemu angeweza angeinuka awafinye wote wawili.

"Sasa mama, na sahihi?" muuguzi aliuliza. "Wanakuja kumchukua saa tatu."

Fomu ilikuwa juu ya blanketi, haijaandikwa kitu. Mlango mmoja wa moyo wa Chupa haukuwa ukifunga sawasawa. Daktari aliwaambia wote wawili, bila kuzungukazunguka, kwamba asipofanyiwa upasuaji hatauona mwaka ukiisha. Na akiikosa zamu ya leo, nyingine haijulikani lini.

"Miaka arobaini nafungua saa za watu, Dada," Chupa alisema muuguzi alipotoka. "Mambo ya mafundi nayajua. Unafungua, unasafisha, unafunga, halafu mezani kimebaki kiskrubu kimoja. Saa inatembea, mteja anashukuru, na wewe kiskrubu unakitia mfukoni."

"Na ile yangu uliyonitengenezea?"

"Yako vilibaki viwili."

Dada alicheka, kisha akaona Chupa ameielekeza kalamu kwenye fomu kwa upande usio na wino. Mkono ule ulizoea kushika nywele za saa, kile kiwaya chembamba cha ndani, kwa kibanio siku nzima bila kuteleza. Hofu ikampanda. Alimpenda huyu mtu. Hakuwahi kumwambia, maana angejibiwa mzaha, lakini hakuwa amebakiwa na mwingine duniani wa kumpenda kiasi hicho. Akatafuta kitu cha kumpa kitakachomtia moyo, akaona anacho kimoja tu.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Ule mpira ulikugusa nguo."

Alitegemea shangwe. Chupa aliiweka kalamu chini taratibu.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu ambacho wewe hukukisikia."

"Hukunikubalia nilipooa. Hukunikubalia nilipolazwa na malaria nikawa naongea na ukuta. Leo ndiyo unanikubalia? Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Dada. Wewe unaniaga."

"Sikuagi."

"Mwite muuguzi achukue karatasi yake. Mimi narudi nyumbani." Akashusha miguu na kuanza kupapasa ndala chini ya kitanda.

Dada alijiona mjinga. Alikuwa amemnyang'anya mtu kitu pekee kilichokuwa kimesimama imara tangu utotoni, tena asubuhi ya leo.

"Haya, ulikupata mgongoni," alisema haraka.

"Usijirudi sasa. Nimeshakujua."

Hapo ndipo hasira zilipompanda, hasira za kweli. Akasukuma ndala kwa mguu hadi chini ya kitanda cha jirani.

"Nimekudanganya kama mtoto anavyodanganywa kwa peremende, ili utie sahihi. Mpira ulikupata hapa." Akamchoma kidole chini ya bega la kushoto. "Ukaenda nyuma ya bafu, ukalia. Ukanawa uso kwenye ndoo ya mama, ndiyo ukarudi kutuambia nguo. Nilikuona kwenye upenyo wa mabati. Miaka yote hii sijamwambia mtu, nisikuaibishe."

Chupa alimgeukia. "Uliniona?"

"Kwa macho yangu."

Chupa aliangalia miguu yake mitupu sakafuni, akaufuta mmoja vumbi kwa mwingine. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, ya ubishi.

"Mchanga uliniingia machoni."

"Machoni? Na kwikwi nazo zilikuwa za mchanga?"

"Macho yote mawili, Dada. Mtu akijaza chupa, mchanga unaruka, hujui kwa sababu wewe hukuwahi kukaa katikati, ulikuwa unarusha tu." Akapandisha miguu kitandani. "Hebu lete hiyo kalamu. Siwezi kufa nikakuachia jambo hili ulibebe hivyo."

Akatia sahihi kwa hasira, hata karatasi ikatoboka. Muuguzi alipokuja na mwenzake na kitanda cha magurudumu, aliwakuta bado wanahesabu makonzi ya mchanga, akatikisa kichwa.

Dada alikishika kitanda pembeni, akaenda nacho mpaka mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuupita. Pale Chupa aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nikitoka nakueleza huo mchanga uliniingiaje, mwanzo mpaka mwisho."

"Ukitoka," dada alimwambia, machozi yakimtiririka bila kuyaficha, "nitakukatalia."