Fundi wa Miguu Isiyolingana

Ujumbe uliingia asubuhi, fundi akiwa kwenye kigoda chake, soli ameibana katikati ya magoti. Aliyetuma ni Mama Pacha, mmoja wa wazazi aliokuwa akizungumza nao kwenye simu kwa zaidi ya mwaka bila kuonana uso kwa uso.

"Fundi, habari za leo. Samahani kwa usumbufu. Leo ni siku ya kumi na moja tangu nitume hela, na mtoto kila akirudi shule ananiuliza viatu vyake viko wapi. Kama kuna tatizo niambie tu, mwenzio."

Fundi aliusoma mara mbili, akaiweka simu chini polepole kama mtu anayetua yai. Hakuwa amemuuzia Mama Pacha viatu. Hakuwa amemuuzia mtu yeyote.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, akishona viatu vya watoto ambao miguu yao hailingani. Alianza na binti yake mwenyewe, aliyezaliwa mguu mmoja mdogo kuliko mwenziwe, na kila kiatu cha dukani kilimvuka huku au kumbana kule. Siku alipoweka picha ya jozi ya kwanza mtandaoni, wazazi wengine wakaanza kuuliza. Akawajibu. Akawaonyesha namna ya kuchora mguu wa mtoto kwenye karatasi, namna ya kuweka sponji ndani ya kiatu cha zamani, namna ya kumjibu mtoto anayelia kwamba wenzake wanamcheka. Wakawa kama ndugu.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa nao pale nyumbani, hakumwelewa.

"Watu mia nane wanakusikiliza na huuzi hata kamba ya kiatu," alimwambia siku moja. "Utakula salamu, wifi?"

"Nikianza na bei, nitaijua mifuko yao tu. Acha kwanza nijue mtoto anakanyagaje."

Alipanga kuanza kupokea oda mwisho wa mwezi huo. Kumbe kuna mtu hakusubiri mwisho wa mwezi.

Wifi ndiye aliyeugundua ukurasa wa bandia mtandaoni. Ulikuwa na picha ya fundi na jina la fundi, limeongezwa herufi moja ambayo jicho la haraka lisingeiona. Video zake zilikuwa zimekatwakatwa na kuungwa upya: mikono yake, sauti yake ikisema "karibuni wazazi wenzangu", na chini yake maandishi: Sasa tunauza, tuma hela leo, nafasi ni chache. Wazazi aliowafahamu walikuwa wamejipanga hapo kumpongeza. Hatimaye, fundi wetu. Tulikuwa tunakusubiri. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Walikuwa wamemwamini.

Fundi aliuandikia ukurasa ule: Wewe ni nani?

Jibu halikuchelewa. Ilikuja kwanza picha ya geti lao la bluu, imetolewa kwenye video aliyoirekodi uani. Kisha maneno: "Geti zuri. Binti anatoka shule saa nane, sivyo? Nyamaza, tutaishi vizuri."

Saa nane alikuwa ameitaja mwenyewe, kwenye video, akiwaaga wazazi ili aende kumpokea mtoto. Hakuna mlango aliovunja mtu huyo. Yote alikuwa amepewa mkononi.

Haikuwa hata saa sita alipofika shuleni. Alimwambia mwalimu kuna dharura ya kifamilia, akamshika binti yake mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Njiani kila aliyeshika simu alimtazama mara mbili. Mwanamume mmoja aliyeegemea ukuta akipiga soga na mwenzake alicheka, na fundi akahisi kicheko kile kinamhusu yeye. Walipofika nyumbani alifunga komeo, akafunga dirisha, akasogeza meza mlangoni ingawa jua lilikuwa utosini.

"Futa kila kitu," wifi alisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Funga ukurasa, badilisha namba, potea. Kaka naye yuko safarini. Nani atatulinda hapa?"

Fundi alikifikisha kidole penye neno Futa. Kikakaa hapo. Aliogopa kubonyeza na aliogopa kuacha.

"Nikipotea leo," alisema mwishowe, "mwizi nitakuwa mimi."

Akampigia Mama Pacha, akamweleza kwamba ukurasa ule wa mauzo si wake. Mama Pacha alimsikiliza kwa tahadhari. Mtu alikuwa ameshamdokezea kwamba fundi ni tapeli.

"Nitajuaje kama ni wewe?" Mama Pacha aliuliza. "Sauti yako hata kwenye ukurasa huo ipo."

Fundi alifumba macho. Hakuwa na cha kuonyesha, ila alichokikumbuka.

"Yule wako wa pili," alisema, "mguu wake wa kushoto. Anakanyagia ubavu wa nje, ndiyo maana soli inaisha upande mmoja. Hataki soksi yenye mshono kidoleni. Ulinitumia mchoro wa mguu wake nyuma ya karatasi ya hesabu za shule, na mwenziwe alikuwa ameuchorea kucha nyekundu."

Akasikia mwanamke wa upande wa pili akivuta pumzi.

"Ni wewe."

Mama Pacha hakuishia hapo. Aliuandikia ule ukurasa wa bandia: Fundi, mwanangu tatizo lake ni mguu gani? Akajibiwa, Mguu wowote, mama, saizi zote zipo. Jibu hilo alilipeleka kwa wazazi wengine, nao wakauliza maswali yao. Huyu aliuliza juu ya kisigino, yule juu ya kidole kilichopinda. Majibu yakawa yale yale, saizi zote zipo. Kufikia alasiri walikuwa wameuripoti ukurasa ule kwa mamia, ukatoweka.

Geti likagongwa.

Wifi alishika nyundo ya viatu. Fundi alichungulia kwenye ufa wa geti. Aliyegonga alikuwa mwanamume mtu mzima, vumbi la safari mabegani, kabana mfuko wa plastiki kwapani.

"Nimeulizia fundi mjini, nikalijua geti la kwenye video," alisema kwa ukali. "Hela yangu mmekula. Nataka nikuone usoni."

"Mtoto wako ni nani?"

"Wa nini tena?" Lakini akatoa kwenye mfuko kiatu kimoja kilichochakaa, akakiinua.

Fundi alikitazama kwenye ufa: kisigino kimejazwa vipande vya raba, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. "Ni yule wa kike anayeruka kamba. Mimi ndiye niliyekwambia utumie raba ya tairi la baiskeli."

Mikono ya yule baba ilishuka. Walimfungulia. Aliketi akanywa maji, wakamwonyesha kila kitu, na kabla hajaondoka walikwenda wote watatu polisi kuandikisha maelezo, mtoto akiwa katikati yao.

Aliyefanya yale hakupatikana. Hela za watu hazikurudi, na wazazi kama arobaini hawakumwandikia fundi tena. Alizifuta video za uani, akabadilisha njia ya shule, na geti likapakwa rangi nyingine. Mwezi uliofuata alianza kupokea oda, moja moja, kila mzazi kwa kumpigia simu. Mpaka leo simu ikiita kutoka namba asiyoijua, hutupia kwanza jicho getini. Huiacha iite mara tatu, kisha hupokea, na kabla ya bei huuliza mtoto anakanyagaje.