Futi ya Wodi ya Wazazi

Jumanne, Januari 19, 2016, saa moja na dakika kumi asubuhi. Kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni mwa kliniki yetu, katika mji mmoja wa bara huko Paraíba, Brazili, jina la mtoto wa Jucileide lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu.

Jucileide ni fundi cherehani. Mimba yake ikiwa ya miezi mitatu alitokwa na vipele siku tano, kama majirani zake wengi mwaka ule wa virusi vya Zika, vinavyoharibu ubongo wa mtoto tumboni na mara nyingi kudumaza kichwa chake. Binti yake Ayla, wa wiki nane, alikuwa amekaza ngumi na kupaliwa kila aliponyonya. Aliyekatwa orodhani hapigwi picha ya ubongo.

"Nani kamfuta mwanangu?"

"Waraka mpya wa wizara, mama," akajibu Edmilson, mtunza orodha. "Awali kikomo cha mzunguko wa kichwa kilikuwa sentimita thelathini na tatu; anayezidi hapigwi picha. Sasa ni thelathini na mbili. Wako alizaliwa na thelathini na mbili na nusu. Shukuru Mungu, mzima huyo."

"Mzima? Mnyweshe wewe basi!"

Akamnyooshea mtoto. Edmilson hakumpokea.

"Alimpima nani?"

"Mimi, muuguzi wa wodi ya wazazi," nikasema, nikampa futi ya kitambaa tunayopimia vichwa. Akaipitisha vidoleni.

"Mnaichemsha hii?"

"Kila Ijumaa. Kuua vijidudu."

"Pamba hii, dada! Ikichemshwa inasinyaa. Ningekata gauni kwa futi hii, bibi harusi asingepumua."

Akainyoosha juu ya rula ya chuma ya Edmilson. Thelathini ya futi iliishia ishirini na tisa na milimita moja. Nikapiga hesabu: kichwa cha Ayla kilikuwa kama thelathini na moja na nusu tu, chini ya kikomo.

"Basi tumrudishe orodhani," Edmilson akasema.

"Peke yake?" Jucileide akauliza.

"Wengine hawajalalamika."

"Kwa sababu hawajui kushona, we bwana! Na mtoto mwenye thelathini na tatu kamili kwa rula ya chuma, ubongo wake ukiwa umeharibika, waraka ndio utamlea?"

Edmilson akaliandika tena jina la Ayla; mimi nikafungua daftari la vipimo.

Ijumaa Ayla alipigwa picha. Ubongo wake ulikuwa na madoa ya chokaa pande zote mbili, makovu ya Zika. Daftarini tulikuta wengine kumi na mmoja waliopimwa kwa futi ile na kukatwa. Tisa waliitika wito, saba wakakutwa na madoa hayo hayo. Wawili hatujawapata.

Februari 2 tuliletewa futi mpya za plastiki. Kikomo kilibaki thelathini na mbili.